Kololo: kilima kinachopanda bei na kupungukiwa watu

Sensa ya 2002 ilihesabu watu 88,094 katika Divisheni ya Kati ya Kampala, ile inayokusanya Nakasero, Kololo, Kisenyi, Old Kampala na Kamwokya. Sensa iliyofuata, ya Agosti 2014, ilikuta takriban 75,000. Katika miaka hiyo 12 Kampala nzima ilitoka milioni 1.19 ikafika milioni 1.5, na Wakiso, wilaya inayouzunguka mji, ikatoka chini ya milioni moja hadi karibu milioni mbili. Mji ulifura pembeni kote, katikati pakapwaya.

Nusu ya maelezo anayo kila mkazi wa Kampala. Huko Kisenyi na mitaa iliyo karibu na stendi za teksi, yaani daladala za Kampala, nyumba za kulala zimevunjwa yakajengwa maduka ya ghorofa. Mfanyabiashara akija, mkazi anaondoka. Hilo halihitaji uchambuzi. Kinachohitaji kutazamwa kwa utulivu ni kilima cha Kololo, ng'ambo ya uwanja wa gofu. Hapa ekari moja inauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja za Marekani. Fleti mpya zinaota pale palipokuwa na nyumba moja na bustani. Ukiuliza watu, wengi watakwambia kwamba Kololo inazidi kutajirika kwa kuwa matajiri wanazidi kuhamia. Mimi nasema maelezo hayo yameacha sehemu kubwa zaidi nje. Mapato ya wastani ya kilima hiki yamepanda hasa kwa sababu watu wa kipato kidogo waliokuwa wakilala juu wameteremshwa, mmoja mmoja, bila amri ya serikali na bila tingatinga la kuonyeshwa kwenye habari za usiku.

Ili hilo lieleweke, lazima turudi kwenye jinsi kilima kilivyopangwa.

Mwaka 1914 Profesa W. J. Simpson aliandika ripoti ya afya kuhusu miji ya Afrika Mashariki. Alipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, na kati yao pawe na ardhi wazi. Sababu iliyotolewa ilikuwa malaria na tauni. Bonde la uwanja wa gofu kati ya Nakasero na Kololo ni la fikra hizo. Mpango wa A. E. Mirams wa 1930 ukaendeleza mitaa ya juu ya vilima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaitwa Ernst May, Mjerumani aliyekuwa amesimamia ujenzi wa nyumba za wafanyakazi huko Frankfurt, naye akachora upanuzi wa Kampala kuelekea Kololo na Naguru mwaka 1947. Ndiye pia aliyesanifu jengo la Makumbusho ya Uganda kwenye barabara ya Kira, lililofunguliwa 1954. Kololo ikawa ya Wazungu na ya Wahindi wenye uwezo, viwanja vipana, barabara zinazozunguka kilima kwa kufuata mteremko. Waafrika wafanyakazi wakajengewa Naguru na Nakawa, ng'ambo.

Lakini mpango wa kutenganisha watu haukuwahi kuwatenganisha kabisa, kwa sababu jumba la Kololo halikuweza kujiendesha lenyewe. Lilihitaji mpishi, dobi, yaya, mtunza bustani na mlinzi. Kwa hiyo nyuma ya kila nyumba, mgongo ukiwa umeelekezwa kwenye ua na mlango ukitazama ukuta, palijengwa safu ya vyumba viwili au vitatu na choo kimoja cha nje. Ndiyo kota. Michoro ya zamani ya viwanja vya Kololo huionyesha kama kisanduku kidogo pembeni, karibu na jalala. Kwenye kisanduku hicho kililala, kwa miaka 50 na zaidi, kilima kizima cha pili.

Nimelelewa Naguru, na shangazi yangu alipika Kololo. Alilala kota siku sita, ya saba akavuka bonde kuja kwetu. Sisi watoto tulijua Kololo kwa upande huo wa nyuma: sigiri mlangoni, posho na maharage, kamba ya nguo, na lugha iliyokuwa ikizungumzwa hapo. Mpishi alikuwa Mganda, mlinzi ametoka Arua, mtunza bustani ametoka Kigezi, jirani Mkenya. Waliongea Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichowakutanisha wote. Hata leo, ukitaka kusikia Kiswahili Kololo, kisikilize getini, na juu kabisa kwa askari wa kambi ya Summit View.

Sasa mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Sensa ya 1969 ilikuwa imewahesabu zaidi ya 70,000 nchini, na mitaa kama Kololo ilikuwa na sehemu kubwa ya wenye mali kati yao. Kufikia Novemba nyumba zilikuwa tupu. Serikali ikaunda bodi ya kusimamia mali za Waasia walioondoka, na nyumba zikagawiwa kwa maafisa wa jeshi, wakuu wa idara na wale wafanyabiashara wapya ambao Uganda nzima iliwaita mafuta mingi.

Hapa ndipo watu wengi husimulia kwamba kilima kilibadilisha rangi, basi. Nadhani kilichobadilika zaidi kilikuwa muundo wa kaya. Mhindi mwenye duka alikuwa ameishi na wazazi, mke, watoto na labda kaka. Afisa aliyepewa nyumba hiyo aliletewa ndugu kutoka kijijini, wapwa waliokuja kusoma, askari wa chini yake. Mshahara ulipoanza kuliwa na mfumuko wa bei na maisha yakahamia kwenye magendo, nyumba yenyewe ikawa chanzo cha chakula na fedha. Nyasi za bustani zikalimwa mahindi, mihogo na migomba. Kuku na mbuzi wakapanda kilimani. Kota nazo, zilizokuwa za watumishi, zikaanza kupangishwa kwa walimu, makarani na wauguzi, kwa kuwa mtumishi wa umma wa miaka ile hakumudu kingine.

Kilichofuata kimesahaulika upesi mno. Mtoto wa karani aliyelala kwenye kota ya Kololo alikuwa na umbali wa kutembea kwa miguu hadi Kitante Primary. Alikunywa maji ya bomba. Mama yake alifika hospitali ya Mulago bila kupanda gari. Choo kilikuwa cha kushirikiana na chumba kilikuwa kimoja, lakini anwani ilikuwa ya kilimani, na anwani ile ilimfungulia mtoto mambo ambayo mshahara wa baba yake usingeweza. Kwa kizazi kimoja, pasipo mtu kukusudia, Kololo ikawa mtaa wa watu wa vipato mbalimbali. Si kipindi cha kutamani kirudi. Kulikuwa na hofu, watu walipotea usiku, nyumba zilivuja. Ila kwa mchambuzi wa mapato, ndicho kipindi ambacho pengo kati ya kaya ya mbele na kaya ya nyuma lilikuwa dogo kuliko wakati mwingine wowote katika historia ya kilima.

Marejesho yalichukua muda. Sheria ya mali zilizotaifishwa ilipitishwa 1982, lakini nyumba nyingi zilirudi kwa wenyewe miaka ya 1990, wakati serikali ya Museveni ilipotaka wawekezaji na wafadhili waliisukuma. Baadhi ya familia za Kihindi zilirudi kuishi. Nyingi zilichukua hati, zikauza au zikapangisha, kwani watoto walikuwa wameshakua Leicester na Toronto. Wakati huohuo serikali ikaanza kuziuza nyumba zake za watumishi wa umma, na waliokuwa na cheo wakawa na nafasi ya kununua walipokuwa wakiishi. Mwaka 1990 maduka ya kubadilisha fedha za kigeni yakaruhusiwa kisheria. Mambo haya matatu yakikutana yalizaa soko tunaloliona: nyumba ina mwenyewe aliye huru kuuza, dola si haramu tena, na mashirika ya misaada na balozi yanatafuta pa kukaa.

Mwenye nyumba aliyempangisha shirika la kigeni alipata kwa mwaka mmoja fedha ambazo mshahara wake usingemletea kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe alihama. Alienda kujenga Muyenga, Ntinda, baadaye Najjera na Namugongo, akaiacha Kololo imlipe. Hilo ndilo wimbi la kwanza la kuondoka, na lilikuwa la hiari na lenye faida. Mpangaji mpya alikuwa ofisi. Ofisi hailali.

Katiba ya 1995, katika ibara ya 237, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji wa muda. Kwa hiyo fedha za kigeni ziliingia Kololo zaidi kwa mlango wa kodi ya nyumba kuliko kwa mlango wa kununua. Jambo hili lina matokeo makubwa. Mapato yanayoonekana kilimani ni ya mpangaji anayelipwa kutoka nje, na utajiri unaokua ni wa mwenye ardhi anayelala kwingine. Watu wawili tofauti, mitaa miwili tofauti, lakini kwenye mazungumzo ya mjini wote wanaitwa "watu wa Kololo".

Kisha ikaja sheria ya umiliki wa fleti ya 2001. Kabla yake, aliyejenga ghorofa alikuwa na hati moja ya kiwanja kizima. Baada yake, kila fleti ikaweza kuwa na hati yake, ikauzwa peke yake, ikawekwa dhamana benki. Mpango wa maendeleo wa Kampala wa 2012 nao ukahimiza mji ujengwe kwenda juu. Nusu ekari iliyobeba nyumba moja sasa inaweza kubeba fleti nane, kumi na mbili, zaidi. Barabara za Kololo zikabadilika sura ndani ya miaka kumi hivi. Pembeni mwa Acacia, ambayo rasmi ni barabara ya John Babiiha, na kuzunguka Kisementi, nyumba za mbele ya barabara zikawa mikahawa, kliniki, baa na maduka.

Ukitazama ramani ya fleti hizo, utaona maegesho, tangi la maji, jenereta, chumba cha mlinzi chenye dirisha dogo, labda bwawa la kuogelea. Kota haimo. Kisanduku kile cha pembeni kimefutwa, na pale kilipokuwa pana magari.

Tufanye hesabu. Namba hizi nimezitunga mwenyewe ili kuonyesha jinsi wastani unavyofanya kazi, wala hazikupimwa popote. Chukua viwanja viwili vya zamani vinavyofanana. Kila kimoja kina familia ya watu watano mbele, yenye mapato ya shilingi milioni 15 kwa mwezi, na kota ya vyumba vitatu nyuma, kaya tatu, watu saba, kila kaya ikipata 400,000. Kwa kiwanja kimoja wastani wa kaya ni milioni nne na kidogo, na kaya ya katikati inapata 400,000. Watu wanaolala kwenye viwanja viwili ni 24. Sasa kimoja kivunjwe, zijengwe fleti nane zenye watu wawili wawili, kila fleti ikiwa na mapato ya milioni 10. Cha pili kiwe ofisi ya shirika. Wanaolala wamekuwa 16. Wastani umepanda hadi milioni 10, na kaya ya katikati imeruka kutoka 400,000 hadi milioni 10.

Hakuna mtu hata mmoja katika hesabu hiyo aliyeongezewa mshahara. Kaya tajiri zilizoondoka zilikuwa na mapato makubwa kuliko zilizoingia. Mtaa umeonekana kutajirika kwa kuwa kaya sita za nyuma hazimo tena kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine linaloizidisha picha hiyo. Ofisi ya takwimu ya Uganda huhesabu kaya kuwa ni watu wanaoishi, kupika na kula pamoja. Mpishi wa kota aliyekuwa na sigiri yake alikuwa kaya kamili: mapato yake, watoto wake na choo chake cha nje viliandikwa. Yaya wa leo analala kwenye kijichumba kando ya jiko la fleti na anakula chungu kimoja na waajiri wake. Huyo anaandikwa ndani ya kaya ya tajiri. Sakafu anayoilalia ni ya vigae, maji ni ya bomba, umeme upo. Kwenye jedwali umaskini wake umetoweka, na mshahara wake ni uleule. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu majedwali hayo ndiyo yanayotumika kuamua zahanati ijengwe wapi na shule ipi iongezewe madarasa.

Mshahara wenyewe uko vipi? Uganda iliweka kima cha chini mara ya mwisho 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, rais hakuusaini. Mlinzi wa geti Kololo, anayekaa zamu ya saa 12, kwa kawaida hafiki nusu milioni. Mwalimu wa shule ya msingi wa daraja la tatu amekuwa akilipwa karibu 500,000. Mwalimu wa sayansi mwenye shahada aliongezewa hadi milioni nne mwaka 2022, na hiyo ilikuwa habari kubwa nchini. Fleti ya vyumba vitatu vya kulala Kololo inapangishwa kwa dola 2,000 hivi, nyingine chini kidogo, nyingine juu sana. Kwa shilingi 3,600 kwa dola, hizo ni milioni saba na laki mbili. Mwalimu huyo mwenye nyongeza angehitaji karibu mishahara miwili kwa kodi tu, kabla ya chakula.

Basi nani anaishi humo? Wageni wa balozi na mashirika ya kimataifa. Wafanyakazi wa kampuni za mafuta, hasa baada ya uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wa Februari 2022. Wafanyabiashara wa Kihindi wa wimbi jipya, ambao hawakuzaliwa Uganda. Waeritrea na Wasudan Kusini wenye uwezo, waliohifadhi fedha na familia Kampala wakati nchi zao zikiwa kwenye misukosuko. Waganda vijana wa benki, mawasiliano na sheria, mume na mke wote wakiwa na kazi, mtoto mmoja au hawajapata. Kaya ni ndogo na zinahama mara kwa mara, kwani mkataba wa kazi ukiisha, mkataba wa nyumba unaisha. Mtoto akifikisha umri wa kwenda shule anachukuliwa na basi la shule ya kimataifa hadi kilima kingine. Shule za umma za karibu zinabaki kupokea watoto wanaopanda kutoka bondeni. Naliona hilo kuwa jema kwa shule, ila watoto hao sasa wanatembea mbali zaidi, na wanatoka kwenye mvua na tope.

Na walioteremshwa? Wa kwanza walishukia Kamwokya, kwa kuwa unavuka barabara ya Kira tu. Kamwokya imejaa mizigo, yaani vyumba vya safu vya mlango mmoja, na bonde lake hufurika mvua ikinyesha kweli. Kodi ya chumba huko inapanda kila Kololo inapopoteza kota, kwa sababu anayetakiwa getini saa kumi na mbili alfajiri hawezi kuishi Mukono. Wengine walikuwa na Naguru na Nakawa, mpaka Julai 2011 nyumba zile za zamani zilipovunjwa na maelfu ya wapangaji wakatawanyika, ardhi ikakaa miaka na miaka ikingoja mji mpya ulioahidiwa. Hapo ndipo shangazi na wenzake walipokosa hata ile nyumba ya ng'ambo ya bonde. Waliosalia wakaenda Kireka, Bweyogerere, Kyaliwajjala, yaani Wakiso, ambayo sensa ya Mei 2024 imeikuta na watu zaidi ya milioni tatu. Kampala yenyewe, katika sensa hiyo, ina takriban milioni 1.8.

Kuhama huko kuna gharama isiyoandikwa popote kwenye bei ya fleti. Anayepika Kololo na kulala Kireka hulipa teksi asubuhi na jioni, na jioni ya mvua hulipa boda. Kutoka kwenye 400,000, nauli ya mwezi ni kipande kikubwa, achilia mbali saa tatu za foleni. Zamani mwajiri alitoa kota kama sehemu ya ujira, hata kama haikuandikwa. Kota ilipovunjwa, ujira ule ulikatwa, na mishahara haikupandishwa kufidia. Kwa maoni yangu huu ndio mhamisho mkubwa wa fedha uliofanyika Kololo katika miaka 20 iliyopita: thamani ya chumba cha mpishi imeingia kwenye bei ya maegesho.

Nimeyapima pia ya upande wa pili. Kota haikuwa pepo. Aliyelala humo hakuwa na mkataba. Akigombana na mama mwenye nyumba asubuhi, jioni godoro lake liko nje ya geti. Wageni wake walihesabiwa, ndoa yake ilitegemea ruhusa. Msichana wa kazi aliyelala kota alikuwa mbali na macho ya jamaa, na wapo walioumizwa humo. Yule aliye na chumba chake Kamwokya, anayefunga kwa ufunguo wake mwenyewe, amepata uhuru ambao shangazi yangu hakuupata. Fleti nazo zimeongeza nyumba mahali penye barabara, mabomba na mifereji, na mji unaokua unahitaji hilo kuliko kuendelea kumeza vinamasi vya Wakiso. Kwa hiyo sipingani na ghorofa.

Ninachopinga ni mji kutolitazama jambo hili kwa sababu linaujaza mfuko. Sheria ya kodi ya majengo ya 2005 iliisamehe nyumba anayoishi mwenyewe. Anayelipa ni mwenye nyumba ya kupangisha na ya biashara, na Mamlaka ya Jiji la Kampala hutoza asilimia 6 ya thamani ya pango baada ya makato. Matokeo yake ni wazi. Familia inayoishi kwenye nyumba yake Kololo haileti kitu kwenye hazina ya jiji. Ikihama na kuipangisha ofisi, inaleta. Jiji halina sababu ya kifedha ya kutaka watu walale kilimani. Serikali kuu nayo, tangu Julai 2022, hutoza mtu binafsi asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Kila ngazi inapata pale mkazi anapogeuka mpangishaji wa dola.

Na dola hizo zina upepo wake. Mfuko wa wafadhili uliokuwa ukigharimia miradi ya utawala bora ulifungwa mwishoni mwa 2022. Agosti 2023 Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya kwa Uganda, ikarejea katikati ya 2025. Mwaka huohuo wa 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi iliyokuwa imelipia ofisi, madereva na fleti za wataalamu ikasimama ndani ya wiki chache. Mtaa ambao mapato yake yanatoka kwenye mikataba ya namna hiyo unaweza kupoteza kaya zake bora bila mtu wa kilima kufanya kosa lolote. Mwenye fleti nane anaweza kushusha bei, au kuzigeuza za kulala wageni wa siku mbili tatu. Mlinzi, dereva na yaya hawana cha kushusha.

Mabadiliko ya 1972 yaliletwa na amri ya redioni. Ya miaka ya 1990 yaliletwa na sheria na wafadhili. Haya ya sasa yanapitishwa ofisini, ramani moja baada ya nyingine, na kwa sababu hiyo ndiyo rahisi kuyaelekeza. Mwombaji wa kibali cha ghorofa huulizwa magari yatakaa wapi. Aulizwe pia, kwenye fomu ileile, jengo litaajiri watu wangapi na wangapi kati yao watalala humo, chumba cha ukubwa gani, choo kipi. Kwa kila kota inayovunjwa, mjenzi atoe vyumba humohumo au achangie vyumba vya kupangisha kwa bei ndogo upande wa Kamwokya, vyenye mfereji wa maji ya mvua na mkataba wa maandishi. Ardhi ya Naguru na Nakawa, ambayo ni ya umma, ingeweza kubeba sehemu yake kwa kuwa iko umbali wa kutembea.

Na wahesabuji, wanapotoa takwimu za kata za sensa ya 2024, waongeze safu mbili za Kololo: wanaolala humo kama waajiriwa wa kaya, wakitenganishwa na kaya yenyewe, na wanaoingia kazini asubuhi na kutoka jioni. Safu hizo zikiwekwa kando ya zile za Kamwokya, kwa kata na kwa mwaka, mtu wa mipango atakuwa na namba ya kuanzia: vyumba vingapi vinahitajika, na wapi.